Kioo na Shahidi

Uchaguzi kati ya kamera ya DSLR na kamera ndogo ya lenzi za kubadilisha huzungumzwa kwa kawaida kama suala la bei, uzito na ubora wa picha, na kwa sababu hiyo huachiwa wauzaji na mafundi. Lakini chini yake limelala swali ambalo dini na falsafa zilikuwa zikilishughulikia karne nyingi kabla kamera haijabuniwa, nalo ni swali la maana ya kuona, na la uhusiano uliopo kati ya aliyeona na kile anachokuja kuwaambia wengine kwamba amekiona. Picha zinazotoka katika kamera hizi mbili, zikichapwa na kupangwa mezani, hata mtaalamu hawezi kuzitenganisha kwa kuzitazama tu. Tofauti iko katika kile anachokiona mpiga picha kabla picha haijawa picha, na ni tofauti ambayo mtazamaji wa baadaye hataijua kamwe, ingawa ndiyo inayoamua ni shahidi wa namna gani aliyemletea habari.

Ni vyema istilahi ziwekwe wazi mapema. DSLR ni kifupi cha jina la Kiingereza la kamera ya dijitali yenye lenzi moja na kioo cha kurudisha nuru. Ndani yake kuna kihisi, yaani kipande cha silikoni kinachopokea nuru na kuigeuza kuwa umeme, na mbele ya kihisi hicho kimesimama kioo kidogo kilichoinamishwa nyuzi 45. Nuru inayoingia kwa lenzi hugonga kioo, hupanda juu hadi kwenye prizimu, ambayo ni kipande cha kioo chenye nyuso kadhaa kinachoigeuza taswira isimame wima, kisha hutokea kwenye kitazamio, yaani tundu ambalo mpiga picha huwekea jicho. Kamera ndogo ya lenzi za kubadilisha haina kioo hicho wala prizimu: kihisi chake kiko wazi wakati wote, hupokea nuru, huitafsiri, na kuonyesha tafsiri hiyo kwenye skrini ya nyuma au kwenye skrini ndogo iliyofichwa ndani ya kitazamio. Kioo kikishaondoka, lenzi huweza kusogezwa karibu na kihisi, na ndiyo maana umbali kati ya mdomo wa kamera na kihisi, ambao ni milimita 46.5 katika mfumo wa Nikon F wa mwaka 1959, umekuwa milimita 16 katika mfumo wa Nikon Z wa mwaka 2018. Udogo wa kamera hizi unatokana na nafasi iliyoachwa na kioo.

Kiswahili, hata hivyo, hakikubali kirahisi kwamba kioo kimeondoka. Lugha hii hutumia neno moja kwa vitu ambavyo lugha nyingine huvipa majina mbalimbali: kioo cha kujitazamia, kioo cha dirisha, na siku hizi kioo cha simu, kile kinachopasuka simu ikianguka na kupelekwa kwa fundi. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anayelinganisha kamera hizi hachagui kati ya kuwa na kioo na kutokuwa nacho. Anachagua kati ya kioo kinachorudisha nuru ya kitu chenyewe na kioo kinachotoa nuru yake chenyewe ili kueleza habari za kitu. Utajiri huu wa neno moja ndio mwanzo mzuri wa kufikiri, kwa sababu unazuia jibu jepesi kwamba upande mmoja una ukweli na upande mwingine una maigizo.

Swali hili la kuona lina wenyewe huko Kisian, njia panda iliyo magharibi ya jiji la Kisumu, ambapo barabara ya kwenda Bondo na Usenge huachana na ile ya Busia, na ambapo reli ya tawi la Kisumu hadi Butere hupita ikielekea Maseno. Picha za kawaida za kila siku zimekwisha kuchukuliwa na simu, na mpiga picha anayebeba kamera amebaki na kazi ambazo watu hawataki kuzikosea: harusi, ubatizo, mahafali ya shule na, zaidi ya yote, mazishi. Mwaka mzima, mwili hutolewa chumba cha maiti siku ya Alhamisi au Ijumaa, mahema hufungwa, na Jumamosi jamaa na majirani hukusanyika kuzika, huku picha ya marehemu iliyotiwa fremu ikiwa imetangulia mbele ya jeneza. Mwanasiasa Raila Odinga alipozikwa Bondo tarehe 19 Oktoba 2025, ukubwa wa tukio ulikuwa wa taifa zima, lakini umbo lake lilikuwa lile lile la mazishi ya boma lolote la ufukwe wa Ziwa Viktoria: jeneza, hema, watu wengi kupita kiasi, jua, na mtu mwenye kamera anayetakiwa kuwepo bila kusumbua.

Mtu huyo mwenye kamera ananunua chombo katika wakati maalumu. Panasonic walitoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya mfumo usio na kioo wa Micro Four Thirds, mwaka 2008. Canon na Nikon, wafalme wa DSLR, walisubiri hadi 2018 ndipo wakaingia kwa nguvu zote katika kamera zisizo na kioo. Na mwaka 2020 ndipo walipotoa DSLR zao za mwisho za daraja la juu kabisa, EOS-1D X Mark III na D6. DSLR nyingi zilizotumika zimekuwa zikiachwa na wenyewe na kuuzwa kwa bei nafuu, kwa hiyo mpiga picha wa kipato kidogo anapata leo chombo ambacho miaka kumi iliyopita kilikuwa ndoto kwake. Kishawishi cha bei kipo, na si cha kudharauliwa. Lakini swali la kuona halifuati bei.

Linalostahili kutazamwa kwa karibu kabisa ni tukio la kubonyeza. Mpiga picha wa DSLR akiwa ameweka jicho kwenye kitazamio, anaona nuru ile ile iliyoondoka usoni mwa mtu aliye mbele yake, bila umeme wowote kati yao. Hata betri ikitolewa, uso utaendelea kuonekana. Kidole kinapobonyeza, kioo huinuka kwa kishindo kidogo, kitazamio huwa giza, pazia lililo mbele ya kihisi hufunguka na kufungika, kisha kioo hushuka na mwanga kurudi. Giza hilo huchukua muda mfupi sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde katika kamera nyingi, na jicho lililozoea halilitambui tena. Lakini maana yake ni nzito: nuru iliyoliingia jicho na nuru iliyoiandika picha si nuru moja, kwa kuwa kioo huipeleka ama juu kwa mpiga picha ama nyuma kwa kihisi, na hakiwezi kuwahudumia wote wawili kwa ukamilifu mara moja. Mpiga picha wa DSLR ameona kila kitu kabla na kila kitu baada. Nukta anayoiapia hakuiona.

Mpiga picha wa kamera isiyo na kioo yuko katika hali iliyo kinyume. Nuru inayoonyeshwa ndiyo iliyopokelewa na kihisi kile kile kitakachoandika picha, kwa hiyo kati ya anachokiona na atakachokitoa hakuna mgawanyiko wa njia; lakini yeye mwenyewe haoni uso, anaona maelezo ya uso, yaliyokwisha kupimwa, kutiwa rangi na kucheleweshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mmoja ameuona uso na kuikosa nukta. Mwingine ameiona picha na kuukosa uso.

Wanachuoni wa Kiislamu walilijadili jambo lililo karibu sana na hili kamera ilipoingia katika nchi zao. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera, na nguzo ya hoja yake ilikuwa kwamba mpiga picha haumbi chochote wala hashindani na Muumba. Anachofanya ni kukizuia kivuli, habs al-zill kwa Kiarabu, sawa na taswira ya mtu anayesimama mbele ya kioo, isipokuwa hii imebakishwa na ile hupotea. Wengine, na mashuhuri miongoni mwao ni Sheikh Abdulaziz ibn Baz wa Saudia, hawakuikubali hoja hiyo, wakiona kwamba kitendo cha kuibakisha ndicho hasa kinachoigeuza kuwa taswira iliyokatazwa. Mjadala huo haukumalizika, lakini picha aliyoichagua Sheikh Bakhit, ya kivuli kilichozuiwa, inagusa ufukwe wa Ziwa Viktoria kwa njia ambayo yeye hakuikusudia. Wajaluo wa ufukwe huo hukiita kivuli tipo, na katika imani zao za kale tipo ilikuwa sehemu ya mtu mwenyewe, wala haikuwa alama tupu iliyotupwa ardhini na jua. Anayezuia kivuli cha mtu, kwa fikra hiyo, ameshika kitu chenye mwenyewe.

Je, kamera ya dijitali bado inazuia kivuli? Hapa mteteaji wa DSLR hufikiri ameshinda, na ndipo hoja yake inapoanza kudhoofika. Kila pikseli ya kihisi cha kawaida hupima rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu, kwa mpangilio wa vichujio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Rangi mbili zinazobaki katika kila pikseli hukadiriwa kutokana na majirani zake. Theluthi mbili za thamani za rangi katika picha ya dijitali, kwa hiyo, hazikupimwa bali zimekisiwa kwa hesabu, na jambo hili ni kweli kwa kamera yenye kioo kama lilivyo kweli kwa isiyo nacho. Kioo cha DSLR kinalinda usafi wa nuru inayokwenda kwa jicho; hakiwezi kulinda chochote katika nuru inayokwenda kwenye picha. Usafi ule ni fadhila aliyopewa mpiga picha peke yake, na hana namna ya kuirithisha kwa mjane atakayeishika picha ile miaka kumi baadaye.

Tena jicho lenyewe si shahidi asiye na tafsiri. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 11, alithibitisha katika Kitab al-Manazir kwamba kuona hutokana na nuru itokayo kwenye kitu na kuingia jichoni, kinyume cha waliodhani kwamba jicho ndilo linalotuma miale nje. Lakini hakuishia hapo. Alionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kuona ni hukumu inayofanywa na nguvu ya kupambanua, haraka na kwa mazoea kiasi kwamba mwenye kuona hajui kwamba amehukumu. Mtu anayejua umbali, ukubwa na rafiki yake kwa kutazama mara moja amekwisha kukadiria mengi. Ikiwa ndivyo, ubishi kwamba kitazamio cha kioo kinampa mtu kitu chenyewe na kitazamio cha umeme kinampa makisio ni ubishi uliokosea mahali pa kuweka mpaka. Makisio yako pande zote mbili, na kinachobaki kuulizwa ni makisio gani yanamsaidia shahidi asiseme uongo.

Hakuna mahali ambapo swali hilo linajibika kwa uwazi zaidi kuliko chini ya hema la mazishi. Kisian iko dakika chache tu za latitudo kusini mwa ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu wima juu ya vichwa. Waombolezaji wamekaa kivulini chini ya turubai; nyuma yao, pasipo hema, ua wa boma unawaka kwa mwanga, na mbali zaidi ziwa linameta kama bati. Mpiga picha amemwelekezea lenzi mama mwenye leso nyeupe kichwani. Kipimo cha nuru cha kamera, ambacho kimetengenezwa kwa dhana kwamba wastani wa mandhari yoyote ni kijivu cha kati, kinauona ua unaowaka na leso nyeupe, kinaamua kwamba nuru imezidi, na kuipunguza. Uso wa mama, ambao ni mweusi na uko kivulini, unazama. Katika picha unabaki umbo tu: leso inayong'aa na pengo jeusi chini yake.

Mpiga picha wa DSLR hakuliona hilo likitokea, na hakuliona kwa sababu jicho lake ni zuri. Jicho la binadamu hujirekebisha. Lilipoingia kivulini lilipanuka, likaona machozi, mikunjo na hata kovu dogo kando ya nyusi, na kumhakikishia mwenyewe kwamba kila kitu kipo. Ukarimu wa jicho ulimficha ubakhili wa chombo. Mwenye uzoefu wa miaka atajua kulizungusha gurudumu la fidia, yaani swichi ya kuongeza au kupunguza nuru kinyume cha maamuzi ya kamera, na asiye nao atachungulia skrini ya nyuma baada ya kubonyeza, atagundua kosa, na kuinua tena kamera wakati mama amekwisha kuinamisha uso. Kweli, DSLR nyingi huruhusu kioo kiinuliwe na picha itazamwe kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Lakini anayefanya hivyo ameigeuza DSLR yake kuwa kamera isiyo na kioo, na katika nyingi ya kamera hizo lenzi hulenga polepole zaidi kwa njia hiyo.

Katika kitazamio cha umeme, uso wa mama huanza kuzama mbele ya jicho la mpiga picha. Anaona dhuluma kabla haijatendeka. Kidole gumba kinasukuma gurudumu mara mbili au tatu, ua ulio nyuma unaungua na kuwa mweupe mtupu, jambo ambalo halimdhuru yeyote, na uso unarudi na kovu lake. Hili si suala la urahisi wa kazi peke yake. Historia ya picha ina deni kwa watu weusi: kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi zikaachwa zitokee zitakavyotokea. Familia nyingi za Nyanza, eneo ambamo Kisian imo, zina albamu za enzi hiyo ambamo meno na kola za mashati ndizo zinazoonekana. Chombo kinachomwonyesha mpiga picha hukumu yake juu ya uso mweusi kabla ya kuiandika, na kumpa nafasi ya kuikataa, kina ubora wa kimaadili, na katika mizani ya insha hii ubora huo ni mzito kuliko usafi wa nuru uliosifiwa katika kioo.

Upande wa kelele, hata hivyo, hesabu hugeuka. Kamera isiyo na kioo inaweza kupiga bila mlio wowote, kwa kihisi kujisoma chenyewe pasipo pazia kutembea, na wakati wa sala au mwili unaposhushwa kaburini ukimya huo ni adabu kubwa. Lakini kishindo cha kioo cha DSLR kilikuwa na kazi ambayo watengenezaji hawakuipanga: kilimjulisha mtu kwamba amepigwa picha. Kilikuwa aina ya hodi, ingawa hodi inayopigwa mgeni akiwa amekwisha kuingia ndani. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweza kuihesabu sura ya mtu kuwa data yake binafsi. Sheria zote mbili zinadhani kwamba mtu anaweza kujua kinachochukuliwa kwake. Mwenye kamera ya kimya ameondolewa hodi ya chombo, basi hana budi kuipiga kwa mdomo. Kuna pia hitilafu ya kiufundi inayoufuata ukimya huo: vihisi vingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, hivyo fimbo ya mpiga ngoma inayokwenda kasi huonekana imepinda, na chini ya baadhi ya taa hutokea mistari ya giza. Ukimya nao una namna yake ya kusema yasiyokuwepo.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyezaliwa 1931 na kufariki 2019, alichagua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza fikra za Kiafrika kuhusu wakati katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Kwa maelezo yake, aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina, na huzama katika Zamani anapokufa wa mwisho aliyemjua. Picha iliyotiwa fremu na kutundikwa sebuleni inaisogeza mbele mipaka ya Sasa hiyo, kwa kuwa mjukuu asiyemjua babu huweza kuambiwa jina akiwa ametazama uso. Ndiyo sababu uso uliozama katika weusi si kasoro ya kiufundi tu machoni pa jamaa.

Lakini picha haitoi ushahidi yenyewe, na jambo hili Nyanza inalijua kwa njia ya uchungu. Katika kesi ya mwaka 1987 kuhusu mahali pa kumzika wakili S. M. Otieno, iliyoisha kwa maziko yake kijijini kwao Nyalgunga, mwanafalsafa Henry Odera Oruka alipanda kizimbani kueleza mila za Wajaluo. Huyu ndiye aliyefundisha tofauti kati ya mzee anayesimulia hekima ya jamii yake kama alivyoipokea na yule anayeipima kwa akili yake na kusimama nyuma ya hukumu yake mwenyewe. Wa pili ndiye aliyemwita mwenye hekima wa kifalsafa. Kamera yoyote ni ya aina ya kwanza. Inasimulia ilichopokea kwa kanuni ilizopewa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaonekana kulitambua hilo, kwa kuwa kifungu cha 106B, kilichoongezwa kwa marekebisho ya 2009, kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachotambulisha rekodi hiyo na kueleza ilivyotolewa na chombo gani, kikiwa kimetiwa saini na mtu. Mahakama haitosheki na kioo. Inamtaka mwenye kioo.

Lipo jambo dogo la pale pale Kisian linalofaa kutajwa hapa. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo chake kikubwa Kisian, na utafiti wa malaria ni moja ya kazi zake za miaka mingi. Katika utafiti wa aina hiyo, tone la damu hupakwa kwenye kipande cha kioo na kutazamwa kwa hadubini, na kanuni ya kawaida ya kazi ni kwamba wasomaji wawili hukisoma kioo hicho kila mmoja peke yake, na wakitofautiana huitwa wa tatu. Nuru inayofika jichoni mwao imepita katika damu yenyewe, safi kuliko ya kitazamio chochote cha DSLR, na bado hakuna anayeaminiwa kwa sababu tu ameona.

Neno shahidi, ambalo Waislamu na Wakristo wa Afrika Mashariki hulitumia kila siku, limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana mbili zisizotengana: kuwepo mahali, na kutoa habari ya yaliyotokea mtu akiwepo. Kwa maana ya kwanza DSLR ina haki ya kusifiwa, kwani inamweka mpiga picha mbele ya watu na si mbele ya maelezo yao, na aliyezoea kitazamio cha umeme hukabiliwa na hatari ya kuutazama msiba wote kama mfululizo wa mwanga wa kurekebishwa. Kwa maana ya pili kamera isiyo na kioo inashinda, kwa kuwa mpiga picha wake ameiona habari kabla ya kuitoa na hawezi kusema hakujua. Upungufu wa kwanza unatibika kwa kitendo kisichogharimu chochote, yaani kuitoa kamera usoni. Upungufu wa pili, wa kutojua chombo kinasema nini kuhusu uso wa mtu, hutibika kwa miaka ya mazoezi ambayo waombolezaji wa mwanzo ndio hulipia.

Hukumu basi ni hii. Anayeanza kazi leo Kisian, akiwa na uwezo wa kuchagua, na achague kamera isiyo na kioo, akijua kwamba atahitaji betri za akiba, maana nyingi ya kamera hizo hupiga takriban picha 350 kwa betri moja mahali ambapo DSLR nzuri huvuka 900, na umeme hukatika. Na akijua kwamba kihisi kilicho wazi hushika vumbi la barabara ya murram kirahisi kila lenzi inapobadilishwa. Mwenye DSLR inayofanya kazi asiiache kwa sababu ya fasheni, kwani kutupa chombo kizima ni israfu, na pengo lake linazibika kwa kujifunza kuutilia shaka ukarimu wa jicho lake. Na wote wawili wanaombwa kitu kimoja: wafike kwenye boma la msiba mapema, kamera ikiwa bado mkobani, waende kwa mfiwa mikono mitupu na kumpa pole, wautazame uso wake pasipo kioo chochote, na ndipo warudi kufungua mikoba yao.